Mwendo wa Bustani

Shangazi yake Kasuku alikuwa na uhakika kwamba pwani hakuna mtu anayefanya kazi. Aliwahi kufika mara moja tu, siku tatu, akala, akalala mchana, akaona watu wamekaa nje ya nyumba zao wakipunga upepo, akarudi kwake bara na hukumu yake mkononi. Tangu hapo kila alipopiga simu salamu yake ilikuwa ile ile: "Haya, mmeshaamka huko?" Hata ikiwa saa nane mchana.

"Tumeamka, wifi," mama Kasuku humjibu, simu ameibana kwa bega na mguu uko kwenye cherehani. "Tumeamka, tumekula upepo, tumeshiba."

"Nyie chekeni tu. Mimi hapa tangu alfajiri sijagusa kiti. Raha mnazo nyie."

"Njoo basi tugawane."

Wakicheka hivyo, shangazi huzidi kuamini. Aliyemshangaza zaidi alikuwa mdogo wake mwenyewe, baba Kasuku, ambaye siku hizi hata majirani walimwita Taratibu. Jina hilo alilipata kazini. Alikuwa mhudumu wa vinywaji katika hoteli kubwa ya ufukweni, na mwaka juzi mpiga picha alimnasa akipita kando ya bwawa la kuogelea, trei mkononi, kichwa juu, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga. Picha ikatiwa kwenye kijitabu cha matangazo na chini yake pakaandikwa: Hapa hakuna haraka. Shangazi alitumiwa kimoja, akakibandika ukutani. "Huyu ni mdogo wangu," huwaambia wanaoingia kwake. "Mtazame alivyonawiri. Analipwa kwa kutembea."

Na katika hilo, bila kujua, shangazi hakuwa ametia chumvi hata kidogo. Hoteli ilikuwa na sheria chungu nzima, lakini iliyozidi zote ilikuwa ya miguu. Mfanyakazi hakuruhusiwa kukimbia mahali ambapo mgeni angeweza kumwona. Si kukimbia tu, hata kuharakisha. Siku ya kwanza kazini kila mtu, awe mpishi awe dobi, alipewa trei yenye glasi moja iliyojaa maji mpaka ukingoni, akaambiwa aivushe bustani nzima, kutoka kaunta ya vinywaji hadi getini. Akimwaga, arudie. Msimamizi, mwanamke mwembamba waliyemwita Madamu, alisimama kivulini akiangalia matone. "Mgeni ametoka kwenye mbio," huwaambia. "Amepanda ndege kuja kuwaona watu wasiokimbia. Akikuona unakimbia, umemrudisha kwao." Mwendo huo wafanyakazi wenyewe waliuita mwendo wa bustani.

Nyuma ya ukuta mambo yalikuwa mengine. Kulikuwa na korido ndefu isiyo na madirisha iliyounganisha jiko, chumba cha kufulia na stoo na kutokea karibu na geti, na humo watu hao hao walikimbia kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Waligongana, walitukanana, walipanda ngazi mbili mbili na magunia ya mashuka mgongoni. Wakifika kwenye mlango wa kutokea bustanini walisimama, wakavuta pumzi, wakafuta jasho kwa taulo lililotundikwa hapo kwa kazi hiyo, wakavaa tabasamu, wakatoka. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Mgeni akiwatazama kutoka kwenye kiti chake cha kujilaza alisema moyoni, jamani, hawa wenzetu wameyapatia maisha.

Taratibu alikuwa ameshakula maonyo mawili. La kwanza alikimbilia mwavuli uliong'olewa na upepo ukielekea kwa mtoto wa mgeni. Aliuwahi, mama wa mtoto akamshukuru kwa machozi, na jioni Madamu akamkabidhi barua. La pili alichelewa kwa sababu Kasuku hakuwa amelala vizuri, akakatiza bustani mbio mbio akidhani wageni bado wako kwenye kifungua kinywa. La tatu halikuwa barua tena, lilikuwa kumwaga unga. Na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa na kadi ya matibabu, na kadi hiyo ndiyo iliyonunua pampu za pumu za Kasuku.

Kasuku alikuwa na miaka minane na maneno ya mtu wa arobaini. Aliuliza kwa nini maji ya bahari hayapungui, kwa nini bibi wa jirani ana ndevu, kwa nini cherehani ya mama inalia kama ina njaa. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Walipohamia pwani waliambiwa hewa ya huko ni nyepesi na maisha hayana presha, mtoto atapona mwenyewe. Labda ilikuwa hewa ya hotelini. Chumba walichopata wao kilikuwa bondeni nyuma ya soko, ukuta ukitoa jasho kutwa, na kifua cha mtoto kilifuata ukuta. Wazazi wake hawakuhitaji kusikiliza pumzi zake. Walisikiliza maneno. Kasuku akinyamaza, walijua kabanwa.

Asubuhi hiyo hakuwa amenyamaza. Alimtazama baba yake akivaa shati jeupe, akamwuliza, "Baba, ukiwa bustanini mkojo ukikubana unafanyaje?"

"Nautembeza taratibu."

Mama mtu alicheka mpaka akaharibu mshono. Alikuwa anashona sare za shule, sketi themanini za kumaliza kabla ya shule kufunguliwa, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa kukanyaga cherehani. "Usiondoke hujaangalia pampu," alimwambia mumewe.

Taratibu aliichukua pampu, kile kikopo kidogo cha kubonyeza mdomoni, akaitikisa karibu na sikio. Ndivyo walivyopima siku zote. Ndani kulisikika kitu kikicheza.

"Ipo bado. Siku tatu nne. Lakini napita duka la dawa lile mbele ya hoteli, nachukua mpya, nakuja nayo jioni."

"Usisahau."

"Nisahau ya Kasuku?"

Hakusahau. Aliichukua kabla ya kuingia kazini, akaitia kwenye mfuko wa suruali badala ya kuiacha kabatini na simu, kwa kuwa kabati la wafanyakazi lilikuwa na joto na muuza dawa alimwambia aiepushe na joto. Alikuwa mtu mwangalifu sana. 

Saa tano kasoro robo mkewe alipiga simu ya getini, namba iliyowekwa kwa ajili ya dharura. Mlinzi alikuwa mtu mzima na mwenye watoto, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Mwambie baba yake kile kikopo kimekwisha, hakitoi kitu," mama alisema, na nyuma yake palikuwa kimya. "Aje na hicho kipya. Mwambie sasa hivi."

"Anakuja, mama. Anakuja mbio. Msubiri hapo hapo."

Mlinzi hakuruhusiwa kuacha geti. Akamwita mtunza bustani. Mtunza bustani naye alikuwa na miguu ya hoteli kama wengine, kwa hiyo ujumbe wenyewe ulivuka bustani kwa mwendo wa bustani, ukiwa na mkasi wa majani mkononi, ukipita kando ya wageni waliolala chali na vitabu vifuani. Mtunza bustani alisimama kando ya kaunta akajifanya anapunguza ua.

"Mtoto kabanwa," alisema bila kugeuza kichwa. "Pampu ya nyumbani imekwisha. Mlinzi amemwambia mama yake unakuja mbio."

Taratibu aliweka chini glasi aliyokuwa anaipangusa. Mkono ukaenda mfukoni, ukaikuta pampu. Akamwomba mwenzake amshikie kaunta, akageuka kuufuata mlango wa korido, na hapo ndipo alipokumbuka. Wiki hiyo mafundi walikuwa wanabadilisha vigae vya korido. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mbao na saruji mbichi imetandazwa mpaka mwisho. Njia ya kutoka ilibaki moja tu.

Alimtafuta Madamu kwa macho. Alikuwa ng'ambo ya bwawa, ameinama kwa heshima mbele ya mgeni aliyekuwa analalamikia mto wa kitanda. Kumfuata huko, kusubiri amalize, kumweleza, kuomba ruhusa ya kukimbia, kungekula muda zaidi kuliko kutembea. Ndivyo alivyopiga hesabu. Akajiambia pia, nikikimbia nikafukuzwa, pampu ya mwezi ujao ataitoa nani? Yalikuwa mawazo ya mtu mwenye akili timamu. Baadaye hicho ndicho kilichomtesa zaidi, kwamba siku ile hakuwa amepagawa hata kidogo.

Akaanza kutembea. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mabega chini, shingo imelegea. Roho ilikuwa juu lakini mwili ulishazoea, ulikwenda wenyewe. Aliwapita wageni wa kwanza, akainamisha kichwa kidogo kama inavyotakiwa. Aliwapita wa pili. Mtoto mmoja wa kizungu alimpita mbio akielekea kwenye maji, akipiga kelele kwa furaha, na hakuna aliyemkataza.

Alikuwa amefika karibu nusu ya bustani aliposikia nyuma yake, "Ni wewe! Ni yule wa kwenye kitabu!"

Alikuwa bibi mmoja mwenye kofia pana na uso mwema. Tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kijitabu cha hoteli mkononi, amekifungua kwenye picha yake. Alimwambia kwamba alikiweka kwenye meza yake huko kwao kipindi chote cha baridi, akikitazama kila alipochoka, na kwamba picha hiyo ndiyo iliyomleta. Aliomba wapige pamoja, moja tu. Taratibu alifungua mdomo kusema ana dharura. Lakini neno dharura halikuwa na nafasi bustanini, hakuwahi kulitamka hapo, na Madamu sasa alikuwa ameinua kichwa anatazama.

"Bila shaka, mama," alisema.

Mumewe bibi ndiye aliyetakiwa kupiga picha. Akapapasa mfuko wa shati, akapapasa begi, miwani haionekani. Bibi akamtania mumewe, mume akacheka, wakatafuta chini ya taulo. Taratibu alisimama. Miwani ikapatikana ndani ya kitabu. Mzee akainua simu, akaishusha. "Mwambie atoe mkono mfukoni," alisema. "Kwenye picha ile hakuwa na mkono mfukoni."

Taratibu akaiachia pampu, akautoa mkono.

"Eti ni kweli ninyi huku hamna wasiwasi?" bibi alimwuliza, amemshika kiwiko.

"Hapa hakuna haraka, mama," alijibu, na akatabasamu, na mzee akabonyeza.

Getini mlinzi alikuwa ameshafungua mlango mdogo. "Kimbia, ndugu yangu! Kimbia!" Na kuanzia hapo Taratibu alikimbia. Hakukuwa na pikipiki kwenye kona, zote zilikuwa zimekwenda sokoni. Alikimbia kwa viatu vya kazi vyenye soli nyembamba, soli ya kushoto ikabanduka, akaendelea nayo ikipiga lami. Watu walimpisha. Wengine waligeuka kuona kama kuna mwizi mbele yake.

Mlangoni kwake walikuwa wamejaa wanawake wa jirani, wakaachana kumpisha. Kasuku alikuwa mapajani kwa mama yake, kichwa kimeegemea kifua, macho yamefumbuka nusu. Hakusema kitu. Taratibu alipiga magoti, akamwekea pampu mdomoni, akabonyeza. Akabonyeza mara nne. Dawa ilitoka kama mvuke, ikakaa mdomoni, ikarudi nje yenyewe kwa pembe ya midomo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuivuta.

Zahanati walikwenda kwa gari la jirani, honi imebanwa njia nzima. Daktari aliyewapokea alifanya yote yanayofanywa, akafanya tena, kisha akavua glavu. "Mmechelewa kidogo," alisema kwa upole.

"Kidogo kiasi gani?" mama aliuliza.

Daktari alimtazama. "Mama, hilo halipimiki."

Walimzika kesho yake. Shangazi alisafiri usiku kucha akafika asubuhi na begi moja, macho yamevimba. Alikaa siku nne. Katika siku hizo nne aliona ukuta unavyolowa, akaona ndoo zinavyopangwa foleni bombani kabla ya jua, akaona wifi yake anavyoamka, pamoja na msiba wote ule, kukunja sketi alizokwisha kushona kwa sababu mwenye shule alituma mtu kuulizia. Hakulala mchana hata siku moja.

"Kumbe mnahangaika hivi," alimwambia wifi yake siku ya kuondoka. "Mbona hamkuniambia?"

"Tulikwambia, wifi."

"Mlikuwa mnacheka."

"Ndivyo tulivyokuwa tunakwambia."

Shangazi akajishika kichwa akalia upya, safari hii peke yake, kwa kuwa mama Kasuku hakuwa analia. Tangu zahanati hakuwa amelia kwa sauti. Alikuwa na neno moja tu, na kila aliyeingia kutoa pole alipewa hilo.

"Ningembeba," alisema. "Nilikuwa nimeshamfunga mgongoni. Nilikuwa nimefika mlangoni. Zahanati si mbali, ningekata kule kwenye uchochoro. Lakini mlinzi aliniambia baba yake anakuja mbio, nikaona nikimbeba nitambana kifua, nikamtua. Nikamtua mwenyewe kwa mikono yangu. Ningembeba."

"Usijilaumu, mama," walimwambia. "Ulifanya uliloweza. Na baba yake ndiyo usiseme. Mwanamume alikimbia yule! Mpaka kiatu kilichanika. Tulimwona sote." Na walimgeukia Taratibu, wakampa mkono, wengine wakamshika bega. Mzee mmoja wa mtaani alisema baba wa namna hiyo siku hizi hawapo. Taratibu aliinamisha kichwa. Kila sifa aliyopewa aliona inachukuliwa kutoka kwa mkewe. Mara mbili alifungua mdomo mbele yao, mara mbili akaufunga. Akajipa moyo kwamba hata angekimbia labda isingesaidia, kwani daktari si alisema halipimiki? Halafu anasikia upande wa pili wa chumba, "Ningembeba," na moyo unamsuta.

Siku ya sita Madamu alikuja. Alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti kilichofutwa vumbi haraka haraka, akatoa kikapu cha matunda na kadi iliyosainiwa na wafanyakazi wote. Alilia kwa dhati, naye alikuwa na watoto wawili. Hata chai aliyowekewa alikunywa yote, ijapokuwa sukari ilikuwa imeisha. Alipoaga, Taratibu alimsindikiza mpaka barabarani.

"Nataka ujue kitu kimoja," Madamu alisema, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Sikujua siku ile. Wallahi sikujua, mlinzi aliniambia jioni. Lakini nilikuona ulivyopita pale bustanini. Nilikuona ulivyosimama na yule bibi. Hakuna mgeni aliyehisi kitu. Nimewaeleza wakubwa, nikawaambia, huyu mtu alikuwa na moto nyumbani kwake na bado alitembea vizuri. Yale maonyo yako mawili nimeyatoa kwenye faili. Hayapo tena."

"Ahsante," Taratibu alisema, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa karibu.

"Ukirudi utakuwa unawafundisha wafanyakazi wapya. Wewe ndiye ufundishe. Lakini usifanye haraka. Chukua muda wako."

Alipanda gari lake akaondoka. Taratibu alisimama pale barabarani mpaka muuza maji mwenye mkokoteni alipomwomba ampishe. Aliona aibu, aibu ambayo hakuwa na pa kuiweka, na iliyomuuma kuliko yote ni kwamba kwa dakika moja, alipoambiwa maonyo yametolewa, moyo wake ulikuwa umefurahi.

Aliporudi ndani mkewe alikuwa ameketi kwenye cherehani. Sketi ilikuwa chini ya sindano, lakini gurudumu lilikuwa limesimama.

"Alikuwa anasemaje huko nje?"

"Kazi tu."

"Kaja vizuri yule mama. Wengine wasingefika." Akaishika sketi, akaiachia. "Sijui kwa nini nilimtua. Nilishafika mlangoni kabisa. Ningembeba..."

"Mama Kasuku."

"Ningekata kwenye uchochoro..."

"Sikiliza. Mimi sikukimbia."

Mkewe alimtazama kama mtu aliyesemeshwa katikati ya kuhesabu. "Ulikimbia. Kiatu kile pale."

"Nilikimbia kuanzia getini. Ndani ya hoteli nilitembea. Bustani nzima."

"Ulitembea vipi?"

"Kama tunavyotembea."

Taratibu alijiandaa kwa yote, kwa kofi, kwa kelele, kwa kufukuzwa. Alitamani kimojawapo. Lakini mkewe aligeuza kiti, akakielekeza katikati ya chumba, akaweka mikono mapajani.

"Nionyeshe," alisema.

"Hapa?"

"Hapa."

Kutoka mlangoni hadi kitandani zilikuwa hatua sita. Taratibu alikwenda mlangoni, akasimama, akashusha mabega. Akaanza. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Alifika kitandani, akageuka, akarudi. Mkewe alikuwa anaiangalia miguu.

"Hapo mlinzi alikuwa ameshaniambia unakuja mbio?"

"Alishakwambia zamani."

"Basi hapo nilikuwa nimemtua. Nilikuwa nafungua dirisha." Alimwacha afike mlangoni, ageuke. "Hapo aliniomba maji. Alisema ma, hakumalizia. Nikamletea, hakuweza kunywa."

Taratibu alitaka kusimama.

"Usisimame. Endelea. Hapo alinyoosha kidole mlangoni. Kama anauliza uko wapi. Nikamwambia baba anakuja, mwanangu, baba anakimbia, sikiliza viatu vyake. Akawa anasikiliza." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa sauti ya mtu anayepanga vitu vilivyoanguka. "Bado tu? Bustani hiyo haiishi?"

"Hapa katikati nilisimama."

"Kwa nini?"

"Mgeni alitaka picha na mimi. Mumewe alikuwa anatafuta miwani."

Mkewe aliinua macho kutoka miguuni mpaka usoni.

"Ulisimamaje? Simama vile vile."

Alisimama vile vile. Akautoa mkono mfukoni.

"Ulikuwa unacheka?"

"Nilikuwa nacheka."

"Cheka."

Hakudhani angeweza. Lakini uso ulijua kazi yake, ukanyanyua mashavu, ukatoa meno, huku machozi yakimshuka mpaka kwenye kola. Mkewe alimtazama hivyo kwa muda mrefu, muda wa kutosha mzee kupapasa mfuko wa shati na begi na kuinua taulo.

"Hapo alikuwa anapumua," alisema. "Kidogo kidogo, lakini alikuwa anapumua." Akakigeuza kiti tena kuelekea cherehani. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mke wangu. Hukukosea kitu."

"Si mimi," alisema tena, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, cha sauti, cha kutoka tumboni, akaangukia cherehani na sketi ikaangukia chini. Majirani walisikia, wakaanza kuja. Taratibu alitaka kumfuata amshike, zilikuwa hatua mbili tu. Lakini hakuwa ameambiwa kwamba amemaliza, na alibaki pale pale katikati ya chumba, meno bado nje, hajui kama anaruhusiwa kusogea.